Nusu ya Pigo

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo sana. Mtu mwingine angeipita kama apitavyo kokoto njiani, lakini Nyundo alikuwa mpiga ngoma, na kazi ya mpiga ngoma ni kusikia kokoto.

"Sauti ni mbili," alisema.

Ilikuwa saa nane mchana. Wote wanne walikuwa wameketi sakafuni sebuleni wakisikiliza wimbo waliotoka kuurekodi, kila mmoja akijisikiliza mwenyewe zaidi kuliko wenzake, kama ilivyo desturi ya wanamuziki.

"Huo mwangwi tu," alijibu Waya, mpiga gitaa, ambaye siku za kazi alitengeneza simu zilizovunjika na ndiye aliyekuwa bwana mkubwa wa kompyuta na nyaya zote za nyumba ile.

"Mwangwi utoke wapi?" Mwalimu aliuliza. Huyu alipiga besi, na alifundisha hisabati shule ya msingi, kwa hiyo alipenda jambo lijumlishwe likubali. "Mle stoo tumebandika magodoro kumi na moja. Ukipiga chafya mle unaisikia kifuani tu. Sauti inafia papo hapo."

"Basi ni nini?"

"Sijui. Lakini imependeza, jamani. Wimbo umenenepa."

Wakacheka. Chiriku, mwimbaji wao, naye akacheka, baada ya wenzake kumaliza.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Chiriku alikuwa mdogo wake Nyundo, baba mmoja mama mmoja, na alichelewa hata kuzaliwa: wiki mbili nzima mkunga alikuwa akija na kurudi. Alichelewa shule, alichelewa kazini kwenye duka la dawa, alichelewa kuelewa utani. Ukimsema, anakutazama kwa macho yale ya upole na kusema, "Kawia ufike, kaka." Na alipoimba aliingia nusu ya pigo nyuma ya ngoma, kila mara, kama mtu anayeingia chumbani huku bado anavua viatu. Mama yao, aliyewaacha wakiwa bado watoto, siku zake za mwisho hakuwa na mali ya kurithisha. Alimshika Nyundo mkono akamwambia, "Huyu mtoto huchelewa. Wewe msubiri." Nyundo akaapa. Tangu hapo, kila alipopiga, aliacha upenyo mdogo baada ya kuhesabu nne, na dada yake akaingia humo salama.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, vyumba vinne na bafu moja ambalo mlango wake Nyundo, seremala, alikuwa ameutengeneza kutokana na kabati la jikoni, ndiyo maana ulikuwa bado na vishikio viwili. Zamu za kuosha vyombo ziliandikwa kwenye karatasi juu ya friji na hakuna aliyeziheshimu. Spika ya besi ndiyo ilikuwa meza ya kupigia pasi. Stoo ilikuwa mwisho wa ukumbi, haina dirisha. Humo ndimo walimobandika magodoro kuukuu, sakafuni hadi darini, ili mwimbaji asikike bila vurugu za nyumba. Walijivunia chumba kile kuliko sebule.

Watu walianza kuwapenda. Kisha akaja Promota, mtu mwenye saa kubwa iliyomzidi mkono, akawasikiliza nyimbo tatu bila kutikisa kichwa.

"Bendi nzuri," alisema. "Roki ya kweli. Lakini mwimbaji anaingia kama mtu aliyekosa basi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitakuja na mkataba. Mkiwa mmemrekebisha, tunasaini. Hajarekebishika, mtafute mwingine au nitafute bendi nyingine."

Chiriku alikuwa amesimama palepale. Alitabasamu, akachelewa kuacha kutabasamu.

Nyundo hakulala vizuri wiki ile. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, viganja vimejaa vibanzi vya mbao, na alijua fika kwamba mlango wa namna hiyo haufunguki mara mbili kwa mtu wa aina yake. Kwa mara ya kwanza maishani alimwonea dada yake hasira ya kweli, ile ambayo mtu hamwambii mtu.

*

Walirekodi tena. Sauti ya pili ilikuwepo, na sasa ilikuwa imesogea. Mara ya kwanza ilimfuata Chiriku kwa nusu ya pigo. Safari hii walikwenda bega kwa bega. Waya alishangilia. Mwalimu alisema labda ni nyaya zinagusana. Nyundo alisikiliza peke yake kwa hedifoni, mara sita, na badala ya kuogopa akajikuta anafurahi, kwa sababu ile sauti ya pili ilikuwa inakaribia kuingia kwa wakati.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mpiga ngoma peke yake angeweza kulifanya. Alianza kuipigia. Ule upenyo aliokuwa akimwachia mdogo wake aliupunguza kidogo kidogo, unywele baada ya unywele, hata ukaikaa vizuri ile sauti nyingine, na akawa akihesabu "moja, mbili, tatu, nne" anamhesabia huyo asiyemwona.

"Kaka," Chiriku alimwambia siku moja akitoka stoo, jasho limemtota shingoni, "mle ndani kuna harufu."

"Magodoro hayo. Yameona mengi."

"Si magodoro. Ni harufu ya kinywa. Kinywa cha mtu aliyetoka kuamka." Alinong'ona, akatazama nyuma. "Na kuna mtu anavuta pumzi kabla yangu. Nikifungua mdomo niimbe, pumzi yangu imeshavutwa."

"Umechoka tu, mdogo wangu."

"Nimechoka," alikubali, baada ya muda.

Nyundo alikwenda kunusa mwenyewe. Harufu ilikuwepo, nzito, ya uvuguvugu, na ilimpiga usoni kutoka kwenye chumba kilichokuwa kimefungwa tangu jana. Alifunga mlango polepole na hakumwambia mtu.

Jumapili asubuhi, saa nne, jua limejaa dirishani, Chiriku alikuwa jikoni anaosha sufuria zilizokuwa zamu ya Waya, na Nyundo alikuwa mezani anakunywa chai. Kutoka mwisho wa ukumbi, kutoka stoo ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa Nyundo, sauti ya Chiriku ikasema wazi kabisa, bila haraka, "Kaka, sabuni imeisha." Chiriku akageuka kutoka kwenye sinki, mikono inachuruzika povu, midomo yake ikafunguka kana kwamba kuna vidole vinaifungua kwa ndani, na macho yake yakimtazama kaka yake kwa hofu ambayo Nyundo hakuwahi kuiona kwa binadamu wala kwa mnyama, akasema kwa sauti ileile, kwa mkato uleule, neno kwa neno, "Kaka, sabuni imeisha."

Sufuria ilianguka. Chupa ya sabuni ilikuwa imejaa pomoni.

"Si mimi niliyeanza," alilia. "Kaka, si mimi niliyeanza! Nilikuwa sitaki kusema kitu. Nisiingie tena mle. Naomba. Naomba sana."

Nyundo alimkumbatia. Alimpapasa mgongo. Kifuani mwake, wakati akimbembeleza, alikuwa akihesabu siku zilizobaki kufika Ijumaa.

"Mara moja tu," alimwambia. "Kesho. Tumalize wimbo wa mwisho, basi. Nitayang'oa magodoro yote mwenyewe."

"Utanisubiri?"

"Lini nimewahi kutokukusubiri?"

*

Jumatatu mchana aliufunga mlango wa stoo kwa mkono wake. Waya alikuwa kwenye kompyuta, Mwalimu ameshika besi, na Nyundo alikaa kwenye ngoma zake akavaa hedifoni. Ndani ya hedifoni alimsikia dada yake akitetemeka. Meno yalikuwa yakigongana.

"Tayari?"

"Kaka, iko hapa," alinong'ona Chiriku. "Imekaa mgongoni kwangu."

Nyundo aliinua fimbo. Moja, mbili, tatu, nne. Na safari hii hakuacha upenyo wowote, hata wa unywele.

Sauti ikaingia palepale, juu ya pigo, safi, kali, nzuri kuliko chochote kilichowahi kutoka katika nyumba ile, na nyuma yake, mbali, kama inayotoka chini ya magodoro yote kumi na moja yaliyorundikwa juu ya kifua cha mtu, ikafuata sauti nyingine iliyochelewa nusu ya pigo, iliyokuwa inaimba maneno yaleyale kwa sababu haikuachiwa mengine, na katikati ya maneno ilikuwa ikivuta hewa isiyopatikana, na Nyundo, ambaye aliijua sauti hiyo tangu ilipolia mara ya kwanza mikononi mwa mkunga, alijua saa ileile, bila shaka hata chembe, nani amepita mbele na nani amebaki nyuma. Hatua sita zilimtenga na mlango. Wimbo ulikuwa wa dakika nne. Aliupiga mpaka mwisho.

Chiriku alitoka akitabasamu. Harufu ya kinywa kilichotoka kuamka ilitoka pamoja naye.

"Vipi?" aliuliza.

"Wewe!" Waya aliruka akamshika mabega. "Umeingia kama sindano! Umekula nini leo?"

Waya hakosi utani. Alianza kuwasimulia habari ya mteja aliyeleta simu iliyoanguka chooni akataka irudishwe na namba za marafiki tu, bila za wanaomdai. Mwalimu alicheka. Chiriku naye alicheka, ila yeye alicheka kabla Waya hajafika mwisho wa maneno.

Kuanzia jioni ile stoo haikunyamaza. Chiriku akisema jambo sebuleni, stoo husema jambo hilohilo nyuma yake, kwa unyonge. Wakati mwingine Chiriku yuko kimya, anakula, na stoo huita peke yake, "Kaka." Mwalimu, ambaye hesabu zake zilikataa, alikusanya nguo akahamia kwa shemeji yake. Waya alilala na viatu. Mama Mwenye Nyumba, mjane aliyekaa nyumba ya nyuma na aliyevumilia ngoma zao miaka miwili bila kulalamika, alikuja Jumanne kuchukua beseni lake, akasimama ukumbini, akasikia, akaondoka bila beseni.

Jumatano alirudi na binamu yake, ambaye alikuwa mganga. Walimtarajia mtu wa kutisha. Aliyeingia alikuwa mama wa makamo mwenye goti bovu na mkoba wa plastiki, na kabla ya kuuliza habari za jini aliuliza habari za kiti.

"Shikamoo, mama," walisema.

"Marahaba. Semeni kwa upande huu, sikio la kushoto halifanyi kazi." Alikwenda stoo, akagusa godoro kwa kidole, akarudi akichechemea, uso umebadilika. "Nani aliweka haya?"

"Sisi sote," alisema Waya. "Ya kuzuia mwangwi."

"Mna akili ninyi? Jini wa namna hii hana sauti yake mwenyewe. Mwangwi humsumbua, humuumbua. Anatafuta mahali ambapo sauti inafia, akae hapo aokote. Ninyi mmemjengea nyumba, mkampelekea msichana kila siku kama sahani ya chakula." Aliwatazama mmoja mmoja. "Lakini hata hapo asingeweza kutoka. Hutoka akihesabiwa. Kuna mtu alimhesabia."

Mwalimu, aliyekuwa amerudi kwa ajili ya shughuli ile na kukaa karibu na mlango, alitazama sakafu. Nyundo alitazama mikono yake.

"Haya," alisema Mganga. "Sauti ziko mbili. Moja ya mwenyewe, moja ya mgeni. Mlango wa stoo utapigiliwa misumari saba. Atakayetajwa kuwa mgeni ndiye atakayebaki humo, na atakayetajwa kuwa mwenyewe atakaa na mwili. Mimi sitaji. Hutaja ndugu wa damu. Nani ndugu yake?"

"Mimi," alisema Nyundo.

"Sikiliza sana, baba. Ukitaja kweli, yamekwisha. Ukitaja uongo, pia yamekwisha. Hakuna kupigilia mara ya pili."

Chiriku aliketishwa katikati ya sebule. Mlango wa stoo uliachwa wazi, mweusi, unapumua. Nyundo aligonga fimbo zake kwenye mgongo wa kiti mara nne, na sauti zote mbili zikaimba, ya kitini mbele, ya stoo nyuma.

"Kaka, mimi hapa," alisema Chiriku.

"Kaka, mimi hapa," ilisema stoo. Kisha, peke yake, ikikosa pumzi: "Nisubiri."

"Si mnasikia?" Waya alinong'ona, jasho linamtiririka. "Hilo la ndani linamwigiza. Maliza, Nyundo. Jamani, maliza."

Mwalimu naye alitikisa kichwa kukubali. Ilikuwa wazi kwa kila mtu. Aliyetangulia ndiye mwenye maneno, anayefuata ni mwigaji; hata mtoto wa darasa la pili angejumlisha hivyo. Mtu mmoja tu katika nyumba ile alikuwa na sikio la kujua kwamba hesabu ile imegeuzwa, na wote walikuwa wanamtazama.

Chiriku aliinama mbele kidogo. Macho yake yalikuwa makavu na ya kirafiki.

"Ijumaa, kaka," alisema polepole, kwa ajili yake peke yake.

Neno hilo stoo haikulirudia.

Sasa tuseme ukweli, maana Nyundo mwenyewe hajawahi kuusema. Hakudanganywa, wala hakuchanganyikiwa. Alimkumbuka mama yake, aliuona hata mkono wake juu ya shuka, na moyo ulimuuma. Kisha akaiona Ijumaa, na uchungu wote ule haukutosha.

"Anayechelewa," alisema, "ndiye mgeni."

Mganga alimkodolea macho. Halafu akafungua mkoba wake akatoa misumari saba iliyofungwa kwenye kitambaa.

Nyundo alipigilia mwenyewe. Alikuwa fundi, hakuna msumari uliopinda. Akapiga moja, mbili, tatu, nne, na kule ndani mdogo wake, aliyesikia kaka yake anahesabu kama alivyomhesabia maisha yake yote, akaanza kuimba. Alichelewa nusu ya pigo. Aliimba kwa bidii, kama mtu anayejitahidi asimwaibishe mwenzake, na kaka yake akaendelea kupiga msumari wa pili, na wa tatu, na wa nne, mpaka nyundo ikafuta kila kitu.

Msumari wa saba ulipozama aliishusha nyundo. Kisha mbao zikasema kwa upole, karibu kabisa na sikio lake, "Kawia ufike, kaka."

"Nimesikia vibaya au kuna neno limesemwa?" aliuliza Mganga, akigeuza sikio lake zima.

"Hakuna," alisema Nyundo.

*

Walisaini Ijumaa. Miaka tisa imepita, na ukuta wa mbele wa nyumba ile umejaa majina ya mashabiki waliokuja kupiga picha mahali bendi ilipozaliwa. Mwimbaji wao hajawahi kuchelewa. Magazeti husema ana saa kifuani. Wakiwa safarini Nyundo hupewa chumba cha jirani na cha mwimbaji, na hulala akisikiliza ukutani. Hakuna pumzi inayovutwa upande wa pili. Hajamwita "mdogo wangu" tangu siku ile, wala yeye hajauliza kwa nini.

Juzi watu wa televisheni waliomba bendi ipige wimbo mmoja palepale sebuleni. Mama Mwenye Nyumba, aliyezeeka sasa, alimvuta Nyundo kando.

"Nyimbo zenu zikipigwa redioni, mwanangu, yule wa ndani huitikia," alisema. "Hakosi hata moja. Nimeiuza redio."

Taa ziliwashwa. Ukumbini mlango wa stoo ulikuwa umepakwa rangi, vichwa saba vya misumari vikiwa vimevimba chini yake. Nyundo aliinua fimbo akahesabu moja, mbili, tatu, nne.

Mwimbaji akaingia juu ya pigo. Nyuma ya mlango, nusu ya pigo baadaye, akaingia Chiriku, sauti changa vilevile, hajui kwamba miaka tisa imepita.

"Kumbe humu kuna mwangwi mzuri!" mtangazaji alifurahi, na kabla hajamaliza kusema, mwimbaji alikuwa ameshacheka.

Kilichotakiwa kilikuwa kidogo tu, upenyo wa unywele, aliokuwa akiuacha bila hata kufikiri walipokuwa watoto wakipiga ndoo za plastiki uani. Fimbo ilikuwa mkononi mwake. Kule ndani sauti ilipunguza mwendo kidogo, ikimwamini, ikingoja ingojwe.

Nyundo hakumsubiri.